Kumbukizi ya Majimaji, Songea: fika mapema ukae na wazee

Nianze na jibu la swali ambalo walimu wenzangu huniuliza kwanza: ndiyo, inafaa kusafiri hadi Songea kwa ajili ya Kumbukizi ya Mashujaa wa Majimaji, hata kama unatoka mbali. Ila usije asubuhi ya tarehe 27 Februari ukaondoka jioni yake. Ukifanya hivyo utaona mashada, utasikiliza hotuba, utapiga picha mnarani, na kilicho bora kuliko vyote kitakuwa kimekwisha jana yake. Njoo siku mbili tatu kabla ya kilele, wakati wa mihadhara, ngoma na maongezi ya wazee.

Ninafundisha historia sekondari mkoani Njombe. Nimekuja na wanafunzi, nimekuja peke yangu, na kila ninaporudi darasani nafundisha mada ya Majimaji kwa namna nyingine kabisa.

Kwa asiyepajua mahali penyewe: tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji, vita vya kuupinga utawala wao. Kaburi la pamoja lipo, na Nduna (yaani jemadari wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake hatua chache tu kutoka hapo. Eneo hilohilo ndipo yalipo Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na ambayo leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Uwanjani kuna sanamu za viongozi wa Kingoni, ndani kuna mikuki, ngao, picha na vyombo vya wakati ule. Ukipita haraka unamaliza chini ya saa moja. Ukipita na mtu anayejua, mchana mzima hautoshi.

Kwa hiyo uzito wote wa tathmini hii nauweka kwa watu wanaosimulia.

Mwaka ambao sitausahau, wanafunzi wangu walikaa chini ya mti na mzee mmoja aliyetoka upande wa Namtumbo. Tulimwamkia, akaitikia "Marahaba wajukuu zangu," halafu akawauliza wao swali kabla hawajamuuliza yeye: "Vita hivi vilianza kwa sababu gani?" Wote wakajibu kwa pamoja, pamba! Mzee akatikisa kichwa. Akawaambia pamba ni ya Wamatumbi, kule kwenye vilima vya Nandete, ambako Julai 1905 watu waling'oa miche shambani na vita vikaanza. Huku Ungoni pamba haikuwa chanzo. Hapa palikuwa na watawala waliozoea kutawala, Chabruma upande wa Mshope na Mputa Gama upande wa Njelu, na chini yao manduna wenye watu na silaha. Mjerumani akajenga boma mwaka 1897, akawavua mamlaka, akadai kodi, akawafanya wakubwa wasimame mbele ya askari kama watoto. "Nduna kusimamishwa juani mbele ya wake zake na wajukuu zake," alisema, "hilo halisahauliki." Vitabu vya kiada hulipita jambo hili kwa sentensi moja. Mzee alilikalia karibu saa nzima, na hakuna mwanafunzi aliyesinzia.

Akaomba chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mmoja akampa. Akaishika akasema ile dawa iliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Akaimwaga kidogo mkononi, akajipaka kwenye paji la uso, akanyamaza. Halafu akaeleza jinsi habari ya Kinjikitile Ngwale, mganga mwenye dawa hiyo, ilivyotoka Ngarambe na kusambaa, na jinsi Omari Kinjala alivyoileta dawa hadi Ungoni. Kinjikitile mwenyewe alikwisha nyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, lakini maji yake yaliendelea kutembea bila yeye. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akauliza kama watu waliamini kweli kwamba risasi ingegeuka maji. Mzee hakuchukia. Alisema wapo walioamini na wapo waliosita, lakini watu wa makabila ambayo jana yalikuwa yanapigana walikubali kunywa kitu kimoja, na hilo ndilo lililomtisha Mjerumani zaidi.

Hapo ndipo aliposimulia habari za Mkomanile, na wasichana wangu wote wakasogea mbele. Alikuwa kiongozi wa Kitanda, leo wilaya ya Namtumbo. Dawa ya maji ilipofika huku, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipokea na kuieneza, na katika orodha ya walionyongwa Songea ndiye mwanamke pekee. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kukuta jina lake kwenye karatasi ya mtihani. Baada ya mazungumzo wasichana wale walikwenda wenyewe kulitafuta jina lake pale kwenye kumbukumbu, wakaliandika kwenye madaftari, na mmoja alibaki amesimama hapo mpaka nilipomwita tuondoke. Kwa hilo peke yake nauli ilikuwa imerudi.

Habari ya kunyongwa kwenyewe wazee huisimulia kwa sauti ya chini. Wanasema Nduna Songea alitaka anyongwe pamoja na wenzake na hakutaka kubakizwa. Wanasema pia kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo ukoo wake unakidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapahapa, akakutana na wazao wa Songea Mbano na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zao. Tangu hapo mazungumzo ya wazee yamebadilika. Zamani yalikuwa ya kuhuzunika, sasa ni ya watu wanaosubiri majibu. Nimemsikia bibi mmoja akisema msamaha ameusikia, anachosubiri ni babu arudi azikwe. Ukitaka kuelewa madai ya kurejeshwa mabaki ya wafu yaliyoko Ulaya, njoo uyasikie yakisemwa na mtu anayemdai babu yake mwenyewe.

Sehemu nyingine ambayo haipatikani popote isipokuwa kwa wazee ni njaa. Wakati wa Gavana wa Kijerumani, von Götzen, majeshi yake yalichoma vijiji, maghala na mashamba ili watu wasalimu amri kwa njaa. Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000 walikufa, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukiziandika tarakimu hizo ubaoni wanafunzi wananakili na kufungua ukurasa mwingine. Hapa mama mmoja aliwaeleza jinsi bibi wa bibi yake alivyochimba mizizi porini, akaichemsha na kumwaga maji tena na tena ili iwe salama kuliwa, na jinsi watoto wadogo hawakuweza kusubiri. Alionyesha kwa mikono namna ya kuikata vipande vyembamba. Ndugu zangu, hiyo ndiyo historia. Naomba sana mtu mwenye kinasa sauti kizuri akae na hawa watu mwaka huu, si mwaka ujao.

Ngoma ni nzuri, na mtu anayekuja kwa ajili ya ngoma tu hatajuta. Lizombe ya Wangoni isikilize kwa karibu, mlio wa ngoma kubwa unafika hadi kifuani mwako. Ila mimi huwasogeza wanafunzi waone mganda wa watu wa Nyasa: wanaume wenye nguo nyeupe, mistari iliyonyooka, hatua za kwata. Mchezo huo ulikua kwa kuiga kwata za askari wa kikoloni, na kuuona ukichezwa mita chache kutoka kaburi la waliouawa na askari haohao ni somo ambalo sijui ningelifundishaje kwa chaki. Kina mama nao wana kioda chao. Usiondoke kabla hawajaingia.

Siku ya kilele ina heshima yake. Wazee wa mila hufanya taratibu zao makaburini, mikuki na ngao vinawekwa, mashada yanafuata, majina ya mashujaa yanatajwa. Simama, vua kofia, nyamaza. Lakini ni siku ya itifaki, umati ni mkubwa, na mzee uliyeongea naye jana leo amekaa jukwaani mbali nawe. Siku za mihadhara nazipa nyota tano bila kusita. Kilele nakipa tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya yale majina yakisomwa.

Sasa nitoe onyo. Mwaka mmoja tulilipia kampuni ya kuongoza wageni, si ya Songea, iliyoahidi ziara ya siku nzima: makumbusho, mzee wa kusimulia, kisha mlima wa Chandamali ambako wenyeji wanaonyesha pango la Nduna Songea. Tukaletewa kijana aliyesoma maelezo kwenye simu yake, akawachanganya Chabruma na Mputa, na Chandamali tukaonyeshwa kupitia dirisha la basi. Wanafunzi walikuwa wamechangishwa na wazazi wao, na wazazi wengine wa kwetu wanauza viazi ili mtoto aende safari. Niliumia sana. Tangu hapo sipitii kwa dalali. Piga simu makumbusho mapema, eleza una wanafunzi wangapi na wa kidato gani, omba uunganishwe na mzee. Watumishi pale wananipokea vizuri na wanawajua wazee mmoja mmoja. Kiingilio cha wanafunzi hakiumizi. Mzee usimwache aondoke mikono mitupu: andaa bahasha, mpe kwa mikono miwili, na mtafutie usafiri wa kumrudisha nyumbani.

Chandamali nenda, tena kwa miguu, na mwenyeji. Ni kupanda mawe, viatu vya wazi viache. Ukifika juu mji wote uko chini yako na unaelewa kwa nini mtu anayewindwa angepachagua.

Ukibakiwa na nusu siku, pitia Makumbusho ya Rashidi Kawawa huko Bombambili. Ni nyumba ya mtu aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, na kwa wanafunzi wa kidato cha nne inaunganisha vizuri Majimaji na uhuru.

Mambo ya safari kwa ufupi. Februari ni mvua. Kutoka Makambako ni karibu kilomita 300 za lami, lakini milima ya Lukumburu ina kona na ukungu, kwa hiyo dereva asikimbizwe. Panga kufika Songea kabla ya giza. Nyumba za kulala wageni hujaa wiki hiyo. Sisi huomba bweni la shule na huwa tunapata. Chakula hakina shida kabisa: mama lishe karibu na viwanja wanapika ugali wa moto na dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka vizuri, na kahawa ya Mbinga ukiitafuta utaipata. Beba sweta, miavuli na daftari lenye jalada gumu.

Ninachotamani kukiona ni kimoja. Mazungumzo ya wazee yapewe muda mrefu zaidi na yagawanywe makundi madogo, wanafunzi ishirini kwa mzee mmoja, badala ya mamia kwa kipaza sauti kimoja. Mzee akishika kipaza sauti anahutubia. Akikaa kwenye mkeka na watoto ishirini anasimulia, na wao wanathubutu kumuuliza.

Na kwa walimu wa Njombe hasa: na sisi tunayo ya kwetu. Mbeyela, mtawala wa Wabena, na watu wake waliishambulia misheni ya Yakobi mwaka huohuo 1905, na Yakobi hatuhitaji hata siku nzima ya basi kufika. Wazee wa Kibena wenye habari hizo bado wako hai. Mwaka huu, kabla ya kuwapeleka Songea, nitawakalisha wanafunzi wangu na wazee wa kwetu kwanza, ili wakifika kwa watani zetu Wangoni wawe na maswali yao wenyewe mfukoni. Anayetaka tuunganishe shule zetu katika hilo aniandikie hapa chini kabla muhula haujaanza, maana basi hukodiwa mapema na viti huisha.