TAHADHARI: Komodo za Coccinelle "mpya kutoka Ujerumani" zinazouzwa hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wenye Coccinelle, ile Volkswagen ndogo ya zamani yenye mgongo wa duara, someni hii kabla ya kumtumia mtu pesa.

Kuna muuzaji wa piyesi za magari ya zamani anayetuma picha kwenye simu: boksi la bluu na nyeupe, ndani yake komodo ya klinyota, ule mkono wa chini ya usukani wa kuwashia taa za kuonyesha unakata kona. Anasema ni mpya kabisa, imetoka Ujerumani na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa. Bei dola 85. Mimi nimelipa. Komodo haikuwa mpya, na fundi aliyenielekeza kwake alikuwa anajua. Jina siliandiki kwa sababu analibadilisha kila anapobadilisha namba. Kazi yake ndiyo haibadiliki, basi nawaeleza kazi yake.

Gari yangu ni ya mwaka 1970, baba yangu aliniachia. Mvua zilipokolea mwaka huu, klinyota ilianza kukataa kurudi. Nakata kona, nanyoosha usukani, mkono unabaki chini na taa inaendelea kupiga. Siku moja kwenye barabara ya Kasenga nilikuwa naenda moja kwa moja, klinyota ya kushoto inapiga bila mimi kujua. Taksi-moto nyuma yangu akaamini naingia kushoto, akapita kulia, wakati huohuo mimi navuta kulia kukwepa shimo la maji. Alikuwa amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Tulinusurika kugongana kwa kiganja tu. Bado nawaona wale watu.

Wiki ileile ikaja sauti: krrr, krrr, kila nikizungusha usukani. Nikaenda garaji. Fundi akainua gari kwa jeki, akatikisa tairi mara mbili, akasema: "Yaya, boksi ya usukani, ile ya gia kule chini inayogeuza magurudumu, imekufa. Dola 250. Na komodo ubadilishe pia, kuna ndugu yangu anazo." Hakufungua hata nati moja. Hapo ndipo ningepaswa kuondoka.

Nikanunua komodo, na relè ya klinyota, kile kidude kinachofanya taa ziwake na kuzimika, kwa dola 15. Boksi ya usukani nikaomba muda, namshukuru Mungu. Komodo ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi nikasikia "tak" ndani ya usukani, mkono ukaacha kurudi tena, na ile krrr ikazidi. Relè nayo, taa ziliwaka na kubaki zimewaka tu, bila kupiga. Nilipompigia muuzaji alisema nimeunganisha vibaya. Kesho yake namba haikupatikana tena.

Papa mmoja fundi wa zamani kule Katuba ndiye aliyenionyesha ukweli. Aling'oa usukani kwanza. Chini yake komodo ina vidole viwili vidogo vya plastiki. Ukinyoosha usukani baada ya kona, jino lililo chini ya usukani linagonga kidole, na mkono unarudi katikati. Kwenye komodo yangu "mpya" kidole kimoja kilikuwa kimekatika pale kilipogundishwa kwa gundi, na gundi ilikuwa bado inang'aa. Kipande kilikuwa kimeanguka ndani na kusagwa. Vichwa vya skrubu vilikuwa na makovu ya bisibisi, na nyaya zimekakamaa kama za gari lililokaa juani miaka 40. Plastiki tu ndiyo iliyosuguliwa ikapakwa mafuta ya kung'arisha.

Na ile sauti ya kwanza? Usukani ulikuwa umeshuka mno, unakwaruza komodo. Kwenye gari hizi kati ya kitovu cha usukani na komodo panatakiwa nafasi ya milimita 2 hadi 4. Ikipungua, vinasagana. Ikizidi, jino halifikii kidole na klinyota hairudi. Yule papa fundi alisogeza, akapima, sauti ikaisha. Boksi ya usukani haikuwa na ugonjwa wowote. Dola 250!

Kwa hiyo mtu akikuambia boksi imekufa, mwombe ainue magurudumu ya mbele, ang'oe usukani, kisha azungushe magurudumu kwa mkono kutoka upande hadi upande. Sauti ikiwa imepotea, ilikuwa inatoka kwenye usukani na komodo. Ikibaki kule chini, hapo ndipo mzungumze habari ya boksi. Ni kazi ya nusu saa. Fundi anayekataa kuifanya anataka pesa yako. Na wakati wa kurudisha usukani, magurudumu yawe yamenyooka na mkono wa klinyota uwe katikati, la sivyo vidole vinavunjika siku hiyohiyo. Nadhani vingi tunavyoona vimevunjika vilivunjwa hivyo, kwa haraka ya mtu.

Relè ilinifundisha jambo jingine. Juu yake palikuwa pamekwanguliwa kwa msasa. Papa aliigeuza kwenye mwanga, tukaona alama hafifu ya 6V. Coccinelle za zamani zilitumia volti 6 mpaka miaka ya 1960 ilipokuwa inakwisha. Yangu ni ya volti 12. Relè ya volti 6 inangoja mkondo mkubwa zaidi ndipo ipate joto la kukata na kuunganisha, na kwenye gari la volti 12 balbu za wati zilezile hazivuti mkondo huo. Usiipokee bila kuijaribu mezani: betri ya volti 12, balbu mbili za wati 21, na hesabu mapigo kwa dakika moja. Yawe kati ya 60 na 120. Muuzaji mwaminifu hakatai dakika moja.

Komodo nayo, ishike mkononi kabla ya kulipa. Peleka mkono kushoto, sukuma kidole kwa ncha ya bisibisi, urudi. Fanya vivyo hivyo kulia. Tazama mizizi ya vidole kama kuna gundi, na unuse. Picha haionyeshi hayo, ndiyo maana yeye anauza kwa picha na anadai nusu ya bei kwanza kupitia simu.

Mara nyingi hata huhitaji kununua kitu. Balbu moja ikifa au masi ya taa, pale umeme unaporudia kwenye bodi ya gari, ikishika kutu, mapigo yanaharibika. Anza na kusafisha vikalio vya balbu kwa msasa mwembamba, ni bure.

Juzi rafiki wa Kamalondo amenitumia picha aliyoipata. Boksi lilelile la bluu na nyeupe, juu ya kitambaa kilekile cha maua mekundu, kona yake ileile imechanika. Sasa anasema ni komodo ya Peugeot 504, na anataka dola 50 kabla ya Ijumaa. Kama na wewe umeipata picha hiyo, usitume.