MemTest86+: ipime RAM kabla hujanunua nyingine

Kompyuta ikianza kukwama na kujiwasha upya kila mara, mafundi wengi mjini hukimbilia kufuta Windows na kuiweka upya. Kama ubovu uko kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, skrini ya buluu ya kosa la Windows itarudi kesho yake, na mteja keshalipa. MemTest86+ hujibu swali moja tu: je, RAM inahifadhi data bila kuiharibu? Kwa swali hilo, hatujaona programu ya bure ya kuaminika zaidi. Angalia ile alama ya kujumlisha; MemTest86 isiyokuwa nayo ni ya kampuni ya PassMark, na ina toleo la kulipia.

Iandike kwenye flashi tupu, maana vilivyomo vitafutika, kisha washa mashine kupitia flashi hiyo. Kuanzia toleo la 6.00 la mwaka 2022, inakubali BIOS za zamani na UEFI pia, yaani programu zinazoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Ikigoma, zima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaozuia programu zisizoidhinishwa kuwaka. Kama RAM imeongezwa kasi kwa XMP, mpangilio ulio kwenye BIOS, irudishe kwanza kwenye kasi ya kawaida. Jaribio huanza lenyewe, na kwa kuwa Windows haijawaka, karibu RAM yote hupimwa. Mzunguko mmoja hautoshi, kwani kuna makosa yasiyojitokeza mpaka mashine ipate moto. Iache usiku kucha. Mstari mwekundu hata mmoja ni kosa, usiupuuze.

Lakini mstari mwekundu haumaanishi RAM imekufa, na hapa ndipo watu wa Pwani hupoteza pesa. Hewa ya chumvi na unyevu huacha kutu na ukoga kwenye migusano ya RAM, hasa kwa kompyuta inayokaa dirisha wazi Likoni au Mji wa Kale, Mombasa. Chomoa waya wa umeme, na betri kama ni laptopu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Toa RAM, pangusa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke, uirudishe mpaka vibanio vilie. Pima tena. Makosa yakibaki, pima kipande kimoja kimoja kwenye tundu lile lile. Kosa likihama na kipande, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye tundu hata ukibadilisha vipande, shuku bodi au prosesa.

Upungufu wake ni kwamba haipimi diski, pawasaplai wala kadi ya picha. Mashine inayozimika ghafla bila skrini ya buluu, anza na umeme na joto. Windows itaandika kosa la Kernel-Power 41 kwenye rekodi yake ya matukio, na kuna wanaouza pawasaplai mpya kwa ushahidi huo peke yake. Si haki: namba hiyo husema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Pima waya wa njano wa pawasaplai kwa mita ya volti mashine ikiwa kazini. Volti ziwe kati ya 11.4 na 12.6.

Kwenye joto, MemTest86+ husaidia kidogo: kwa mashine nyingi huonyesha nyuzi joto za prosesa juu ya skrini. Zikikaribia 90 wakati wa jaribio, fungua kasha, toa vumbi kwenye feni, na ubadilishe pasta ya prosesa iliyokauka.