Kozi ya Usalama wa Taarifa kwa Wanafunzi wa Biashara: Tathmini
Kozi hii ya mtandaoni ina nguvu zaidi katika sehemu ya ulaghai wa barua pepe: mwanafunzi hupewa ankara yenye namba mpya ya akaunti ya benki, kisha hutakiwa kuamua iwapo alipe au kwanza ampigie muuzaji kwa namba ya simu iliyokuwapo tangu awali, zoezi ambalo mhasibu mtarajiwa analihitaji kuliko istilahi za usimbaji fiche (kugeuza taarifa zisisomeke bila ufunguo). Somo la nywila limepitwa na wakati, kwani bado linahimiza kuzibadilisha kila baada ya miezi mitatu, ilhali mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliachana na ushauri huo mwaka 2017. Mtihani wa mwisho (wa kuchagua majibu tu) ni mwepesi mno. Ningeongeza ankara nyingine mahali pake.