Matairi ya Gari la Spoti: Lipi Ununue, na Muda wa Mzunguko Uusome Vipi

Mwaka 2017 Honda Civic Type R ilizunguka Nürburgring Nordschleife, uwanja mrefu wa mbio nchini Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 43.80 (7:43.80). Mwaka 2023 toleo lililofuata likatumia 7:44.881. Ukitazama namba hizo peke yake utadhani gari jipya lina kasi ndogo zaidi. Sivyo. Muda wa 2017 ulipimwa kwenye kilomita 20.6, na wa 2023 kwenye mzunguko kamili wa kilomita 20.832, ambao ndio unaotambuliwa rasmi pale tangu 2019. Athari ya kipande hicho kidogo inaonekana kwa Renault Mégane R.S. Trophy-R ya 2019, iliyotangaziwa nyakati mbili: 7:40.1 kwa njia fupi na 7:45.389 kwa njia kamili. Zaidi ya sekunde tano, na gari ni lile lile.

Urefu wa njia angalau huandikwa. Tairi mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, na joto la lami halitajwi kabisa, ilhali ukitoka kwenye tairi zuri la barabarani kwenda kwenye tairi la uwanjani, mzunguko wa dakika moja na nusu kwa kawaida hupungua sekunde moja hadi mbili. Watengenezaji wengi hutumia miaka mingi ya kazi kwenye injini kupata kiasi hicho. Ndiyo maana tumepanga matairi hapa kwa kumfikiria mtu anayeendesha gari lake hadi uwanjani, akazunguka dakika 15 hadi 20 kwa kila awamu, kisha akarudi nalo nyumbani, pengine mvua ikinyesha.

1. Matairi ya daraja la 200

Hili ndilo chaguo letu la kwanza. Ni matairi halali ya barabarani yaliyochapwa TREADWEAR 200 ubavuni, yaani alama ya uchakavu, ambayo ikiwa ndogo huashiria mpira unaoisha haraka: Yokohama Advan A052, Bridgestone Potenza RE-71RS, Falken Azenis RT660, Hankook Ventus RS4 na mengineyo. Lakini usidanganyike na usawa wa namba hiyo. Alama ya uchakavu ni takwa la sheria za Marekani, na kila kampuni hupima na kujipangia yenyewe. Kanuni za mashindano mengi ya magari ya barabarani huweka 200 kuwa kiwango cha chini, hivyo kampuni zote zimesongamana hapo hapo, hata kama mpira wa moja unaisha haraka zaidi kuliko wa nyingine.

Ndani ya daraja hili kuna koo mbili. A052 na RE-71RS hupata joto upesi na kutoa muda bora mapema, mara nyingi katika mzunguko wa kwanza au wa pili wa kasi. Baada ya hapo mpira huzidi joto, usukani hulegea na muda hupanda. RS4 huchelewa kuamka, lakini hushika kwa namna ile ile hadi awamu iishe, na hudumu. Kama unashindania mzunguko mmoja, chukua kundi la kwanza. Kama unataka kujifunza uwanja, chukua RS4 bila kusita: dereva hajifunzi kitu kwenye tairi linalobadilika tabia kila baada ya kona kumi.

2. Matairi ya kiangazi ya kiwango cha juu

Michelin Pilot Sport 4S, Continental SportContact 7, Bridgestone Potenza Sport. Alama zake huwa karibu na 300, mifereji ina kina kirefu, na kwenye maji hayana mpinzani katika orodha hii. Kwa anayeanza kuingia uwanjani tungeyapandisha hadi nafasi ya kwanza, kwa sababu yanalia kabla ya kuachia na yanaachia taratibu. Udhaifu wake ni joto. Kashata ndefu, yaani vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji, hupindapinda kila gari linapobanwa kwenye kona, msuguano wa ndani huzalisha joto, na baada ya mizunguko minne au mitano ya kasi mabega ya nje huanza kulika. Dawa ni kupunguza mwendo kwa mzunguko mzima mara uhisipo pua inakataa kuingia kona, badala ya kulazimisha.

3. Daraja la Cup

Michelin Pilot Sport Cup 2 na Pirelli P Zero Trofeo R, yaani yale ambayo magari mengi ya spoti hutoka nayo kiwandani. Ni matairi bora kwenye lami kavu, na ya kutisha kwenye madimbwi. Jambo la kuangalia ni alama ya mtengenezaji wa gari ubavuni: N0, N1 na kuendelea kwa Porsche, nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz. Jina la tairi linaweza kuwa moja huku mpira na muundo wa ndani vikiwa tofauti. Kwa hiyo mtu akisema magari mawili yalilinganishwa "yote yakiwa na Cup 2", bado hajakuambia kwamba yalikuwa na tairi moja.

4. Nusu-sliki

Haya yanakaribia sliki, yaani matairi ya mbio yasiyo na mifereji: Toyo Proxes R888R, ambalo alama yake ni 100, na Michelin Pilot Sport Cup 2 R. Kasi ipo kweli, ila gharama yake haiishii kwenye mpira. Mshiko ukiongezeka, oili hukimbilia upande mmoja wa karteri (bakuli la oili chini ya injini) kwenye kona ndefu na pampu hubaki ikinyonya hewa. Breki hupokea joto zaidi kwa sababu unafika kwenye kona ukiwa na kasi zaidi, na beringi za magurudumu hubeba mzigo zaidi. Kabla ya kununua haya, weka pedi na mafuta ya breki yanayostahimili joto kali, na ujue kama injini yako ina historia ya kukosa oili konani.

5. Hoosier R7, A7 na ndugu zake

Alama ni 40. A7 ni la mbio fupi, R7 ni la awamu ndefu. Yanapaswa kufika uwanjani juu ya trela au ndani ya buti. Si ya safari za barabarani.

Matairi ya misimu yote hayamo kwenye orodha. Kwenye lami ya moto uwanjani kashata zake hung'oka vipande vipande.

Hali ya siku

Upepo ndani ya tairi ndio unaoharibu ulinganisho mwingi kuliko kitu kingine chochote, na ndio ulio rahisi kusahihisha. Chukua tairi lenye psi 32 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 60, geji itasoma psi 38 na ushee, kwa sababu shinikizo kamili (la geji pamoja na psi 14.7 za angahewa) hupanda sawasawa na joto kamili (linalohesabiwa kutoka nyuzi hasi 273). Kama lengo lako ni psi 34 likiwa la moto, unapaswa kuanza na psi 28 hivi. Na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupandisha takriban psi 1.5, kwa hiyo upepo uliopangwa asubuhi kwenye ubaridi si sahihi tena saa nane mchana.

Utaratibu: pima asubuhi kabla gari halijasogea, zunguka mizunguko mitatu, ingia pembeni na upime mara moja kabla tairi halijapoa, kisha punguza hadi kwenye lengo. Tairi za kushoto na kulia zitatofautiana, kwa sababu uwanja wenye kona nyingi za kulia huchosha upande wa kushoto. Zilinganishe zikiwa za moto. Ukiwa na kipimajoto cha sindano, choma mpira sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi. Nje pakiwa na joto sana kuliko ndani, gurudumu halijainama vya kutosha, yaani sehemu yake ya juu haijaegemea ndani inavyotakiwa. Na kabla ya kuondoka kwenda nyumbani, rudisha upepo kwenye kiwango kilichobandikwa mlangoni. Tairi lililopunguzwa likiwa la moto litakuwa laini kupita kiasi likipoa, na mwendo wa barabara kuu huku likiwa hivyo ni hatari.

Hewa ya nje pia ina sehemu yake. Kwenye nyuzi 35 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 6.5 kuliko kwenye nyuzi 15, na kwenye mwinuko wa mita 1,500 ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa) hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, wakati ya tabo hufidia sehemu kubwa. Mgandamizo wa hewa unaolibana gari chini nao hupungua. Magari mawili yaliyojaribiwa nyanda za juu hayawezi kuhukumiwa kwa jedwali la pwani.

Kisha kuna lami yenyewe. Baada ya mvua uwanja huwa umeoshwa mpira, na kadiri magari yanavyopita mshiko hurudi. Kwa hiyo anayejaribiwa wa mwisho mara nyingi hupendelewa, hadi lami ipate joto kupita kiasi. Njia ya kuikwepa hila hiyo ni kujaribu tairi la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza tena. Tairi la kwanza likiboresha muda kwa sekunde 0.6 liliporudi, uwanja ndio uliobadilika. Tairi la pili lilinganishe na wastani wa zile awamu mbili. Petroli irudishwe kiwango kile kile, maana lita 40 ni kilo 30 hivi.

Unapokuwa dukani

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT uliochapwa ubavuni, ambazo ni tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mpira laini hukakamaa ukikaa, kwa hiyo kwa daraja la 200 kushuka hadi Hoosier, tairi lenye zaidi ya miaka miwili lirudishe rafuni. Hakikisha namba ya mzigo haishuki chini ya ile ya kitabu cha gari. 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670.

Ukibadilisha saizi, piga hesabu kwanza. 245/40R18 (upana wa milimita 245, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18) ina kipenyo cha milimita 653. 265/35R18 ina 643. Gari litashuka milimita 5, gia zitakuwa fupi kwa asilimia 1.6, na rimu inapaswa kuwa na upana wa inchi 9 au zaidi. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, usichanganye vipenyo mbele na nyuma nje ya kile alichoruhusu mtengenezaji.

Fungeni yote manne pamoja, kisha gari liende kwenye alaimenti. Mwinamo wa magurudumu ya mbele wa nyuzi hasi 2 hadi hasi 3 ndio unaookoa mabega ya nje. Ule wa kiwandani huwa mdogo mno kwa uwanja. Awamu ya kwanza endesha kwa kasi ya wastani ukipandisha joto taratibu, kisha yaache matairi yapumzike saa 24 kabla ya kuyabana.