Tathmini ya Uchujaji wa Tekscha katika OpenGL 4.6

Nimejaribu uchujaji wa tekscha (yaani jinsi rangi ya kila pikseli inavyokadiriwa kutoka picha inayobandikwa juu ya uso) wa OpenGL 4.6, kiolesura cha kuchorea michoro ya kompyuta, kwa sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe inayotandazwa hadi upeo wa macho, kwa kuwa ni nyuso chache zinazofichua upungufu wa sampuli (yaani sehemu za tekscha zinazosomwa kwa kila pikseli) upesi kama sakafu hiyo. Bila mipmapu, yaani nakala ndogo za tekscha zinazoandaliwa mapema, vigae vya mbali, ambavyo vingi huangukia ndani ya pikseli moja, viligeuka mawimbi ya mistari ambayo haimo kabisa katika tekscha, na kila kamera iliposogea mistari hiyo ilimetameta.

Mipmapu, mbinu aliyoieleza Lance Williams mwaka 1983, iliondoa sehemu kubwa ya udhia huo kwa gharama ndogo: tekscha ya pikseli 1024 kwa 1024 huwekwa pamoja na nakala zake zinazopunguzwa nusu kwa nusu hadi pikseli moja, jumla ngazi 11, na nakala hizo zote huongeza takriban theluthi moja tu ya kumbukumbu. Uchujaji wa trilinia, unaochanganya ngazi mbili zinazofuatana, ulifuta pia mipaka iliyoonekana pale ngazi moja inapoipisha nyingine. Hata hivyo, sakafu ilififia ikawa kijivu mapema mno, kwa sababu pikseli inayotazama uso kwa mshazari hufunika eneo refu na jembamba, ilhali mipmapu hulichukulia eneo hilo kuwa mraba na kuchagua ngazi kwa kufuata upande mrefu.

Kichujio cha anisotropiki ndicho kilichonifurahisha kwa dhati. Huchukua sampuli kadhaa kwa kufuata urefu wa eneo hilo, na nilipokiweka 16, yaani hadi sampuli 16, vigae vilibaki vikitambulika mbali sana bila kumetameta. Toleo hili la mwaka 2017 ndilo lililokiingiza katika kiini cha OpenGL, lakini thamani yake ya awali ni 1, yaani kimezimwa, jambo ambalo naona linawanyima wanaoanza picha safi waliyostahili. Wengi wao hukimbilia sampuli nyingi kwa pikseli, ambazo hulainisha kingo za maumbo na kuuacha mchoro wa ndani ya uso vilevile.

Tekscha za rangi nazo zitangazwe kuwa sRGB, mfumo wa rangi ambao namba zake haziendi sambamba na kiasi cha mwanga, kabla ya kutengeneza ngazi: katika kipimo cha 0 hadi 255, wastani sahihi wa nyeusi na nyeupe ni 188, si 128, na anayekosea hapo huona sakafu yake ikiingia giza kadiri inavyokwenda mbali.