Pampu ya wati 750 ya kutoa maji chini ya nyumba: uzoefu wangu, Kisumu

Pampu ninayoizungumzia ni ya kuzamishwa, ya maji machafu: mwili wa plastiki, mdomo wa inchi moja na nusu, na boya la kuiwasha yenyewe. Iko kwenye shimo la stoo ya chini ya ardhi, Milimani, ambako mvua za Machi hadi Mei zikikolea maji huchipuka sakafuni. Pampu naipa nne kwa tano. Boya lake, mbili.

Kwanza namba za kwenye boksi, maana ndizo zinazouza. Imeandikwa lita 13,000 kwa saa, mita 8. Hivyo viwili huvipati pamoja: lita 13,000 ni pale maji yasipopanda hata kidogo, na kwenye mita 8 pampu inanguruma tu, hakitoki kitu. Pima mwenyewe. Shimo la duara lenye kipenyo cha sentimita 60 hubeba karibu lita 2.8 kwa kila sentimita ya kina. Hapa maji hupandishwa mita 3.5, na yanashuka sentimita 30 kwa sekunde 40 hivi, sawa na lita 7,600 kwa saa. Inatosha kabisa. Rudia kipimo wakati wa kiangazi, ukijaza shimo kwa ndoo. Muda ukifika dakika nzima, ama impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, imelika, ama bomba limeziba.

Ndani ya boksi hakuna vali ya kuzuia maji kurudi. Inunue, uifunge wima juu ya pampu, mshale ukielekea juu. Bila hiyo, maji yaliyobaki bombani hurudi shimoni kila pampu inapozima, na shimo likiwa jembamba pampu itawaka na kuzima bila kupumzika. Lakini vali huleta shida nyingine ambayo mafundi wengi huisahau: hewa ikinaswa kati yake na pampu, mota inazunguka na maji hayaendi. Toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, chini ya vali, likitazama chini ili lirushe maji shimoni. Litaruka maji kila pampu inapofanya kazi, usilizibe. Matope yakiliziba, lizibue kwa waya mwembamba.

Sasa boya. Likigusa ukuta au kujizungusha kwenye bomba, pampu haiwaki mpaka stoo ijae, au haizimi mpaka mota iungue. Shimo liwe na upana wa kutosha boya kuelea huru. Waya wake unaobanwa kwenye mkono wa pampu ndio unaopanga mwendo: ukiuacha mfupi, pampu inawaka mara kwa mara, ukiuacha mrefu, inangoja maji yapande zaidi. La kwangu hushikwa na utelezi, na kibano chake ni dhaifu, kwa hiyo waya huteleza wenyewe. Kibano kikilegea, ongeza kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Ukilitikisa boya ukasikia maji ndani, limekufa, badilisha.

Udongo mweusi wa huku ni mlaini mno, unapita kila kichujio na kutulia chini kama uji. Pampu isikae juu ya uji huo: iweke juu ya tofali, sentimita 10 kutoka sakafu ya shimo. Kila miezi mitatu chomoa plagi kwanza, uivute kwa kamba, kamwe si kwa waya wa stima. Fungua skrubu za chini, toa nyuzi na vipande vya karatasi za plastiki, kisha zungusha impela kwa kidole. Ikikwama, usiiwashe. Ukiona mafuta yakielea shimoni, sili ya mota imekwisha.

Soketi iwe juu ukutani, ikilindwa na swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayokata stima ikivuja. Maji yamwagwe mitaroni, mbali na msingi, la sivyo unayazungusha tu.

Stima hupotea mvua inaponyesha, saa ile ile unayoihitaji. Inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ya kVA 3 na yenye wimbi safi, huvumilia mshtuko wa mota kuanza. Betri mbili za Ah 100 za volti 12, ukitumia nusu yake tu, huiendesha pampu hii mfululizo kwa saa moja na kitu. Ikiwaka dakika tano kila nusu saa, usiku unapita. Na unaponunua pampu, uliza kama duka lina boya la akiba, kwa sababu ndilo litakaloharibika mwanzo.