Gari imekwaruzwa: polishi au kupuliza rangi upya?

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukiteleza bila kukwama polishi inatosha, usikubali fundi akwambie mlango mzima upigwe rangi. Ila polishi haiongezi kitu, inakula klia, lile tabaka la juu linalong'aa lisilo na rangi, na klia yenyewe ni mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, sasa we piga polishi kila mwezi uone kama haijaisha. Ukucha ukikwama, au bati linaonekana kabisa, hapo ni msasa, praima (rangi ya chini ya kushikia), rangi halafu klia, na usicheleweshe maana kutu inatambaa chini kwa chini. Shida ya kupuliza ni kupata rangi ileile, hasa metaliki, ile yenye chembe za kumetameta, gerejini inafanana, ukitoka juani mlango unaonekana rangi tofauti. Mi rangi ya kiwandani ikiokoleka naing'ang'ania.